Njia za kwetu zinazibwa, za Bretagne zimepakwa rangi ya njano

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu nikiwa katikati ya mashamba ya watu, kilomita kama sita kutoka mlangoni kwangu. Akasikia ninavyohema.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Natembea."

"Marahaba. Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama. Natembea tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti: "Hapo nyumbani mmegombana?"

Sikumlaumu. Kwetu Marangu, Kilimanjaro, mtu hutoka akiwa na anakokwenda: shambani, sokoni, kanisani, msibani, kumjulia hali mgonjwa. Hata neno lenyewe liko hivyo. Ukisema "nimekuja kutembea" watu wanaelewa umekuja kuwaona. Mtu mzima anayezunguka kwenye vihamba vya wenzake, yaani mashamba ya ukoo, saa nane mchana bila jembe wala kapu ataulizwa kulikoni, na wanaomuuliza hawajakosea.

Mimi naishi Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa, karibu na mji wa Pontivy. Huu ni mwaka wa tisa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naandika haya kwa sababu kila tukilinganisha Ulaya na nyumbani tunataja mishahara, lami na hospitali, kisha tunaishia hapo. Kuna jambo moja ambalo hawa wenzetu wametuzidi na halikuhitaji utajiri: wamezilinda njia za miguu. Sisi zetu tunaziua wenyewe, kimyakimya, mita mbili leo, mita mbili kesho.

Bretagne ya ndani, mbali na bahari, haina milima ya kutisha. Vilele vyake virefu kuliko vyote, kwenye safu ya Monts d'Arrée, havifiki mita 400. Ardhi inapanda na kushuka polepole, kijito, kinu cha zamani, kanisa dogo la mawe, kijito tena. Mashamba hayakuzungushiwa seng'enge. Yamezungushiwa matuta ya udongo yanayomfikia mtu kifuani, na juu ya matuta wamepanda mialoni na michesnati, na chini yake vichaka vya miiba vyenye maua ya njano ambayo jua likiyapiga yananukia nazi. Nazi kabisa. Mara ya kwanza niliposikia ile harufu niligeuka kutafuta nani anapika.

Kati ya tuta na tuta ndipo inapopita njia. Magurudumu ya mikokoteni na kwato za ng'ombe zimeichimba kwa karne nyingi hadi imezama chini ya usawa wa shamba. Ukiingia humo mizizi ya mialoni inakuwa sawa na macho yako, matawi yamekutana juu, na upepo unausikia tu, haukufikii. Mvua ikinyesha chini panakuwa tope zito la kukuvua kiatu. Mwezi wa nane matunda meusi ya miiba yanaiva kwenye matuta yote mawili na kila mpita njia anachuma.

Siku niliyoingia kwenye njia ya namna hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama. Niliiona njia ya kwetu ya kushukia mfongo, ule mfereji wetu wa maji wa jadi, masale ya mpakani kulia, masale kushoto, migomba imeinama juu, maji yanapita pembeni kwa sauti ndogo, udongo umechimbwa na miguu ya bibi zetu waliopita na mikungu ya ndizi na ndoo kichwani. Nilikuwa sijaiwazia kwa miaka mingi. Ilibidi nije Ufaransa nione njia ya watu wengine ndipo nijue kuwa yangu ilikuwa kitu cha thamani.

Utaratibu wao ni rahisi. Karibu na kanisa au ofisi ya meya kuna ubao wenye ramani ya mzunguko: kilomita tano, nane, kumi na mbili, unaanzia hapo na kurudi hapo. Kutoka hapo unafuata mstari wa njano uliopakwa kwenye mti, nguzo au jiwe. Mstari umekunjwa, geuka. Ukikuta alama ya mkasi (X), hiyo si njia, rudi. Zile njia ndefu za siku nyingi zina mistari miwili, mweupe na mwekundu. Hakuna tiketi wala mlinzi wala anayekuuliza umetoka wapi. Mwaka wangu wa kwanza mkulima mmoja alizima trekta akaniuliza kama nimepotea. Nilipomwonyesha alama ya njano alitikisa kichwa kuridhika, akashuka, akanisogezea tawi la miiba lililoanguka njiani. Ile njia ilikuwa inapita kwenye ardhi yake. Alikuwa ameafikiana na kijiji kwa maandishi kwamba watu wapite, na watu wa kijiji wanaojitolea huja na panga na mashine za kufyekea kuisafisha.

Msidhani walizaliwa na hekima hiyo. Miaka ya 1960 na 1970 serikali yao iliamua kuunganisha mashamba madogo ili trekta lipate pa kugeuzia. Matingatinga yakasawazisha matuta, yakang'oa miti, yakafukia njia zilizozama. Wazee ninaowahudumia wanakumbuka vizuri nani alikubali na nani alikataa, na zipo familia ambazo mpaka leo hazisalimiani kwa ajili hiyo. Baada ya hapo mvua ilipokuja haikukuta cha kuizuia, ikachukua udongo na mbolea ikavipeleka mtoni na baharini. Tangu 2007 upo mpango wa umma uitwao Breizh Bocage wa kupanda upya miti kwenye matuta. Nimeiona miche hiyo, imefungwa vijiti, urefu wake kiunoni. Mwaloni hauna haraka. Anayeupanda leo anampandia mjukuu.

Na sheria waliziweka. Pwani yao kulikuwa na njia ya doria ya askari wa forodha iliyoanzishwa mwaka 1791 kuzuia magendo. Leo inaitwa GR 34, na inafuata bahari kwa zaidi ya kilomita 2,000. Sheria ya Desemba 1976 ilisema kila mwenye ardhi inayopakana na ufuo aache mita tatu kwa waendao kwa miguu, isipokuwa baadhi ya sehemu zenye nyumba za zamani. Sheria ya 1983 nayo iliagiza kila wilaya kuu iandike orodha ya njia zake za matembezi. Njia ya kijiji ikishaingia kwenye orodha hiyo, huwezi kuiuza wala kuikata mpaka uonyeshe nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 2022 nilipanda nyumbani Desemba kama Wachaga wote tunavyopanda. Asubuhi ya pili nikamwambia mama twende kwa shangazi kwa ile njia yetu ya chini. Akaniambia, "Hiyo haipo tena." Nilienda kuangalia. Jirani mmoja, mtu tuliyekua naye, alikuwa amepima eneo lake na kujenga ukuta wa tofali, juu yake vipande vya chupa. Masale ya mpakani yalikuwa yamekatwa na kulundikwa pembeni, yamekauka. Kwa upande wa ukuta ungeweza bado kuona mahali njia ilipokuwa, mfereji mdogo uliochimbwa na miguu, unaofika kwenye tofali na kukoma.

Kwa shangazi kulikuwa mwendo wa dakika kumi. Sasa mama mwenye miaka sabini na minne anapanda hadi barabarani, anatembea ukingoni mwa lami bodaboda zikimpita kwa kasi, kisha anashuka upande wa pili. Siku akiwa na magoti mabaya haendi. Shangazi naye haji. Hivyo ndivyo ndugu wawili wanavyoacha kuonana bila ugomvi wowote.

Nasema wazi: hili si la jirani yule tu. Karibu kila ninayemuuliza, awe wa Machame, Lushoto au Kisii, ana ukuta wake wa kusimulia. Ardhi imepungua, watoto wameongezeka, kila mmoja anataka hati, na mpimaji akija anaandika mpaka wa fulani na mpaka wa fulani. Njia haina wa kuisemea kwa sababu ni ya wote. Pwani ni vilevile. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari, ziwa na ukingo wa mto. Mita sitini, Wafaransa wanadai tatu! Lakini jaribu kutembea ufukweni Dar es Salaam kilomita mbili bila kukutana na ukuta. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inatambua haki ya njia. Karatasi tunazo. Tulichokosa ni mtu wa kwenda na kopo la rangi na kusema hii hapa ni njia, iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kabla ya kiwanja cha mtu yeyote.

Watu wataniambia njia za kutembelea ni za watalii. Ndiyo, na hapo pananiuma zaidi. Mgeni akifika Marangu anatembezwa kwenye vihamba, mifongo na maporomoko ya maji, anapiga picha, anasifu. Mwenye kihamba anapita barabarani na bodaboda.

Lakini sitawapamba Wabretoni kwa wasichokuwa nacho. Natembea kwa muda wa saa tatu nikisalimiana na watu wanne. Nyumba nyingi za mawe zimefungwa madirisha, wenyewe wako Paris, au watoto walihama na wazee wakaletwa kwenye nyumba ninayofanyia kazi. Njia wameitunza, wa kuipita wamekwisha. Kuna bibi mmoja kwenye nyumba yetu, amepita tisini, huwa namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya mto Blavet. Pale kuna njia iliyonyooka, zamani farasi walivuta mashua juu yake, haina kilima hata kimoja. Ni sehemu ya mfereji wa Nantes hadi Brest, kazi iliyoanza 1811 wakati Napoleon akitafuta namna ya kuzikwepa manowari za Waingereza, na huko Glomel wafungwa ndio waliochimba mtaro mkubwa kwa mikono. Bibi haniambii habari za Napoleon. Ananitajia majina ya mashamba tunayoyapita, kwa Kibretoni, moja moja: Ker hili, Ker lile. Ker ni boma, makao ya watu. Shuleni walimvika kiatu cha mbao shingoni alipokutwa akiongea lugha hiyo. Nilimwambia sisi sekondari tulivikwa kibao kwa kuongea Kiswahili. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika kwenye lango la maji.

Siku hiyo nilielewa kuwa hanitajii majina ili nijue. Anapita kwa watu wake. Yuko kwenye matembezi kwa maana ya mama yangu, ila wenyeji hawapo.

Sisi wenyeji tupo. Shangazi yupo, nyuma ya ukuta.

Nimekata tiketi ya Desemba. Nilimwambia mama nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikibidi nifike kijijini, suala liingie kwenye mkutano. Akasema nisianze huko. Ukuta ulipojengwa kaka yangu alimtolea yule jirani maneno makali mbele ya watu, na hakuna aliyekwenda kuyafuta. Nikifika, tutaamka asubuhi, atachuma jani la sale kwenye mpaka uliobaki, alifunge fundo, ndiyo ishara yetu ya kuomba msamaha, tuende naye kaka, tuombe radhi kwanza. Kisha tumwombe kilango kidogo tu kwenye ukuta wake, upana wa mtu mmoja na kapu.