Jina Umesajili, Alama Je?

Wafanyabiashara wengi wakishapata cheti cha jina la biashara hukitia fremu na kuamini jina limekuwa lao. Katika nchi nyingi cheti hicho husema tu ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani. Hakimzuii mwingine kulibandika kwenye chupa zake. Kinga hiyo iko kwenye alama ya biashara, yaani jina au nembo iliyosajiliwa kutambulisha bidhaa au huduma zako, nayo huombwa kivyake na kulipiwa kivyake.

Wanaoshauri kusubiri kabla ya kuisajili alama si wajinga. Biashara nyingi hufa changa, na ada hairudi. Hulipwa kwa daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma: mpangilio wa kimataifa uitwao Nice una madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, kwa hiyo anayetengeneza viatu na kuendesha duka la viatu huenda akalipia mawili. Usajili huishia mpakani. Ukiona alama yako kwenye bidhaa za mwingine, wakili unamlipa mwenyewe. Halafu ipo hoja wanayoipenda kuliko zote: katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, hata asiyesajili anaweza kumshtaki anayeuza mali kwa kujifanya yeye.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopoteza watu. Asiyesajili atalazimika kuthibitisha kwamba wateja walilijua jina lake, kwamba walipotoshwa, na kwamba biashara yake imeumia au itaumia kwa sababu hiyo. Stakabadhi za miaka mingapi? Mashahidi gani? Mwenzake aliyesajili anaingia na cheti mkononi. Hoja hii hutolewa kumtetea mfanyabiashara mdogo, kumbe anayeweza kuitumia ni mkubwa. Aliyeshindwa ada ya msajili atamudu vipi kesi ya namna hiyo?

Tena nchi nyingi humpa haki aliyetangulia kuomba, si aliyetangulia kutumia. (Marekani hutazama zaidi matumizi.) Apple iliujua utaratibu huu vizuri, na bado ikaumia. Mwaka 2009, kabla ya kuizindua iPad, ilinunua haki za jina hilo kupitia kampuni nyingine kwa pauni 35,000. Muuzaji alikuwa Proview ya Taiwan, lakini usajili wa China uliandikwa kwa kampuni dada ya Shenzhen, na mahakama ya huko ikakataa kwamba mauzo yale yaliifunga kampuni hiyo. Mwaka 2012 Apple ikakubali kulipa dola milioni 60 ili yaishe. Ilikuwa na mawakili tele na bidhaa inayojulikana dunia nzima, lakini kilichoamua ni jina gani lilikuwa kwenye daftari la msajili.

Huwa naikumbuka kesi hiyo ninaposikia alama imeombwa kwa jina la mchoraji wa nembo, la wakala, au la mbia mmoja "kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi siku ile". Siku wakikosana, biashara inabaki na wateja, na yeye anaondoka na jina.

Kuna mahali nakubaliana na wasubirio. Ukitaka kusajili "Sabuni Bora" kwa ajili ya sabuni, weka pesa mfukoni: maneno yanayoisifu au kuieleza bidhaa yenyewe kwa kawaida hukataliwa, hivyo tafuta jina jingine kwanza. Usirundike majina usiyoyatumia pia, maana TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za miliki bunifu, unaruhusu alama ifutwe ikikaa miaka 3 mfululizo bila kutumika na bila sababu ya msingi.

Kwa jina linalofanya kazi, hesabu hubadilika. Katika nchi nyingi usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa bila kikomo, tofauti na hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Igawe ada kwa miezi 120 kabla ya kusema ni ghali. Hata mpaka una dawa yake: chini ya Mkataba wa Paris, ambao ni mkataba wa kimataifa unaolinda alama na hataza, ukiomba nchi moja unapata miezi 6 ya kuomba kwingine na kuhesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Miezi hiyo huanza siku ya kuwasilisha maombi, si siku cheti kinapotoka.