Leso Yangu ya Kale

Kwetu Dar, leso ni kile kitambaa cha kufutia jasho. Ukiolewa Mombasa ndipo unapojua kuwa leso ni kanga, na ukisema "kanga" mawifi wanakuuliza kama unamtaka wa kuchoma au wa mchuzi.

Mama mkwe ndiye aliyetupatanisha. Karne ya 19, alisema, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyoletwa na Wareno vikiwa bado kwenye jora. Wakakata sita, wakaviunga vitatu juu vitatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Jina likabaki.

Hamu ikanipanda. Harusi ya wifi ilikuwa wiki tatu mbele. Nikanunua leso sita za kiume, nikatoa kastabini ya marehemu bibi, cherehani nikaiacha na kifuniko chake. Sisemi uongo, jioni zile zilinituliza. Simu chumbani, mimi na sindano yangu barazani, najiona nimekaa mkeka mmoja na mabibi wa zamani wote. Hata kidole kikichomwa nilikitazama kwa heshima.

Kilichoniponza ni hesabu. Leso ya dukani ni sentimita 40 kila upande: tatu ni 120, mbili ni 80, bado hujatoa za mishono. Kanga kamili hufika kama 150 kwa 110. Na mimi, tuseme tu, si mwembamba. Nilipojifunga juu ya dira, ncha zilipungiana mkono kwa mbali. Nikatia pini.

Usiku wa wanawake chakacha ikakolea, mawifi wakanivuta kati. "Mpisheni mke wa kaka na leso yake ya kale!" Kiuno cha kwanza, pini ikavumilia. Cha tatu, nikasikia trrrr. Si pini. Ni mshono wa katikati, ule niliopiga bandi kubwakubwa siku ya mwisho kwa haraka. Leso tatu zikabaki kiunoni kama kibwebwe, tatu zikalala miguuni pangu. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso yake, nzima ile, mabega yakimtikisika.

Shangazi yangu, aliyefika kutoka Dar mchana ule na joto limemmaliza, akainama, akaokota kipande changu, akajifuta uso, shingo, mpaka nyuma ya masikio.

"Afadhali," akasema. "Leso yangu nimeisahau kwenye basi."