Umeme wa sukari usitoke sahanini mwa mtu

Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kimebeba nishati inayokaribia wati-saa 18. Betri ya simu ya kawaida huhifadhi kama wati-saa 15. Maana yake sukari ya kikombe kimoja cha chai ingejaza simu na chenji ikabaki. Ndiyo sababu watafiti wanahangaika na seli ya mafuta inayokula sukari: kifaa kinachopokea mafuta (hapa ni sukari) upande mmoja na oksijeni upande wa pili, kikatoa umeme bila moto wowote, katika joto lisilofikia la maji yanayochemka.

Tatizo ni kuitoa nishati hiyo. Molekuli ya glukosi, sukari ya msingi, ikivunjwa yote hutoa elektroni 24, chembe ambazo mwendo wake ndio umeme. Ukiipitisha kwenye platini, madini yanayotumika katika seli za haidrojeni, kwa kawaida inaachia 2 tu, inageuka asidi ya glukoniki, na mabaki yanaganda juu ya platini mpaka inachoka. Ni kama kumkamua ng'ombe vikombe viwili na kumrudisha zizini na kiwele kimejaa.

Mwaka 2014 njia mbili zilitoa matumaini. Kundi la Percival Zhang, wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, lilipanga vimeng'enya 13, vichocheo vya asili vya viumbe hai, vipokezane kazi, vikazitoa elektroni zote 24 kutoka maltodekstrini, sukari inayotokana na wanga. Kemia hiyo naipenda kwa dhati, lakini vimeng'enya ni protini, na protini huharibika. Njia ya Yulin Deng, wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, ni imara zaidi. Unachanganya wanga, selulosi au hata unga wa mbao na kimiminika chenye kichocheo cha molibdeni, aina ya metali, unakianika juani au kukipasha moto. Kile kimiminika cha manjano kinageuka buluu iliyokolea: tayari kimenyang'anya elektroni. Kinapitishwa kwenye seli, kinazikabidhi, oksijeni inakirudisha hali yake, kinaanza upya. Hakichagui mafuta safi, na kwangu hapo ndipo thamani yake ilipo.

Sasa upande wa pili. Seli ya Deng ilitoa miliwati 0.72 kwa sentimita ya mraba, ya Zhang miliwati 0.8. Seli nzuri ya haidrojeni hufika wati nzima, zaidi ya mara elfu. Kuchaji simu kwa wati 5 kungehitaji sentimita za mraba 7,000 hivi, yaani bamba la mraba lenye upande wa sentimita 83. Anayekuahidi pikipiki ya sukari leo, muulize bamba lake atalibeba wapi.

Halafu kuna chakula. Mwaka 2007 watu waliandamana Mexico kwa sababu bei ya tortila ilipanda, na mahindi yaliyokuwa yakienda kwenye ethanoli, mafuta ya magari, huko Marekani yalikuwa sehemu ya lawama. Kwetu, unga wa muhogo ni mlo wa mtu. Nikiambiwa seli inakula wanga, swali langu la kwanza ni wanga wa nani.

Jibu rahisi ni makapi ya miwa, ila makapi nayo yana kazi. Viwanda vya sukari kama Kilombero huyachoma kwenye boila, mvuke unaendesha mitambo na kuzalisha umeme. Seli ya miliwati haiwezi kushindana na boila hiyo, na sioni haja ijaribu.

Nafasi yake naiona kwingine: maganda ya muhogo yanayorundikwa nyuma ya mashine ya kukuna, yakachacha na kuvutia nzi, mbali na boila yoyote. Hapo hakuna anayenyang'anywa mlo. Na kifaa cha kupima unyevu wa shamba, kinachohitaji miliwati chache tu, kingetosheka na bamba la sentimita za mraba 10, dogo kuliko kiganja. Fedha za utafiti ningezipeleka huko kwanza, kabla ya pikipiki.