Mti wa Watoto Kupanda Huanza na Mkasi

Hapa Tabora ukiuliza mti gani wa kupanda uani, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: mwembe. Sipingi. Kinachoudhi ni kwamba tukishauotesha tunauacha ukimbilie juu, kisha tunafyeka matawi yote ya chini ili pikipiki ipate kivuli. Mtoto akipigilia misumari ya inchi nne apate pa kukanyaga, anachapwa. Kiswahili kimetupa neno moja, kupanda, kwa mche na kwa mti. Wengi wetu tunakumbuka la mche tu.

Tawi halisogei juu mti unavyorefuka. Lililochipua usawa wa goti litabaki usawa wa goti miaka yote. Kwa hiyo ngazi ya mtoto hutengenezwa mapema: mche ukifika mita moja, kata ncha kwa mkasi mkali. Kati ya machipukizi yatakayotoka bakiza matatu au manne, yapishane sentimita 15 hadi 20 kwenye shina, kila moja na upande wake. Mengine toa.

Halafu chunguza panda, pale tawi linapoachana na shina. Tawi lililotanuka, kama mkono wa mtu anayekuelekeza njia, limeungana na shina mbao kwa mbao. Lililosimama sambamba na shina, vikabanana, hukunja gome kwa ndani. Hapo katikati hakuna kilichoshikana, na uzito ukizidi linapasuka kuanzia pandani. Ondoa hilo likiwa bado jembamba kama kidole.

Usiye na subira otesha mpera. Haukui mkubwa, lakini mbao yake ni ngumu na hupinda kabla ya kuvunjika, kwa hiyo mtoto anapata onyo. Gome lake ni laini, likilowa linateleza vibaya. Mparachichi hautoi onyo, huvunjika ghafla. Mzambarau ndio ninaouogopa zaidi: matawi yake ni dhaifu, na zambarau tamu huwa nchani kabisa, anakokwenda mtoto.

Otesha mvua za Novemba zikishika. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza. Mwembe ukae mita 10 kutoka ukutani, na mbali na nyaya za umeme.

Tawi kubwa lililokauka usilikate kwa panga kwa pigo moja, litachana gome hadi chini. Tumia msumeno: kwanza kata kwa chini, theluthi moja ya unene, sentimita 30 kutoka shinani; kisha kata kutoka juu, mbele kidogo kuelekea nchani. Likishaanguka, ondoa kisiki kilichobaki, ila uvimbe uliopo shinani usiuguse, ndio unaofunga kidonda.

Kabla ya kuwaruhusu, tafuta majani yaliyoshonwa pamoja, maana ndani wamo maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Mtoto usimnyanyue kumweka kwenye tawi. Asipolifikia mwenyewe, kushuka pia kutamshinda. Mvua ikilowesha gome au radi ikinguruma, wote chini.

Na hapo chini ondoa mawe, matofali na jiko la mkaa. Tandaza maranda ya seremala, unene wa sentimita 30, ila yaache mbali kidogo na shina. Yakiligusa, mchwa wa hapa hawahitaji mwaliko.