Mwacheni mchoraji aende kwanza

Binti mmoja wa familia yetu, anayemalizia shahada ya uzamili ya uchoraji, aliniletea fomu ya tuzo ya kwenda kufanya kazi ng'ambo kwa mwaka mmoja. Tuliijaza vizuri mpaka tukafika penye "matokeo yanayopimika". Anatakiwa aeleze atachora picha ngapi, za nini, na zitawafikia watu wangapi. "Shangazi, niandike nini hapa? Hata sijafika." Nilikosa jibu, na hasira bado ninayo.

Tuzo mama ya aina hii, Prix de Rome ya Ufaransa, ilianza mwaka 1663. Kwa karne tatu ilipeleka vijana Roma wakakae na kuchora kwa gharama ya dola. Mchoraji Ingres aliishinda mwaka 1801, lakini hazina ilikuwa tupu, ikabidi asubiri hadi 1806 ndipo asafiri. Sharti lilikuwa atume kazi Paris, wakubwa wa Akademia ya sanaa waone maendeleo yake. Mwaka 1808 akatuma picha ya mwanamke aliyeketi ukingoni mwa kitanda, ametupa mgongo, kichwani amefunga kitambaa cha mistari myekundu. Hakuna vita humo wala shujaa. Ni mgongo tu, na mwanga unaotambaa juu yake taratibu hadi unapotea kwenye kivuli cha shingo. Wakubwa hawakuridhika. Leo picha hiyo iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, na watu wanavuka bahari kwenda kuitazama. Ufadhili ulipokwisha, Ingres hakurudi nyumbani. Alibaki Italia hadi 1824. Niambieni, ni kipengele gani cha fomu kingeukadiria mgongo ule kabla mwenyewe hajaondoka Paris?

Haya, fedha za watu zina hesabu zake. Daini risiti za pango na za rangi, sina neno. Na Prix de Rome yenyewe siitetei kwa kila jambo. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana hadi 1903, na mwanamke wa kwanza kuishinda kwa uchoraji, Odette Pauvert, akapatikana 1925. Ile ilikuwa dhuluma. Tuzo yenyewe ilifutwa mwaka 1968 baada ya vuguvugu la wanafunzi. Lakini kumpa mchoraji chumba, mwanga na muda lilikuwa wazo sahihi, ndiyo maana Villa Medici, jumba lao la Roma, hadi leo linapokea wasanii.

Sisi wenyewe tunaye mchoraji Sam Ntiro wa Tanzania. Alitoka Makerere akaenda kusoma Slade, shule ya sanaa ya London, miaka ya 1950. Mwaka 1956 akachora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na picha hiyo ikanunuliwa na MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. London haikumfanya achore London. Mtu anakwenda mbali, na huko huko ndiko anakokiona cha kwao. Nani angeliahidi hilo kwenye karatasi, tena kwa tarakimu?

Ninyi mnaotunga fomu hizi, nawaomba mtazame kazi ambazo mwombaji ameshachora. Zitazameni kwa muda, moja baada ya nyingine, si kwenye simu. Mkiona mkono upo na jicho lipo, mpeni nauli, chumba chenye dirisha kubwa na mwaka mzima. Alichochora huko mwulizeni akisharudi.