Kabla hujaipenda nyumba, soma kwanza sheria za mji

Mtu anaenda likizo mahali, anakaa siku tano, bahari hiyo hapo, akirudi kwao ashaanza kuuliza bei za nyumba ili anunue apangishe wageni wa siku mbili tatu. Hiyo hamu naielewa kabisa, ila jamani usinunue ukiwa bado na akili ya likizo. Nyumba ya kupumzikia wewe na nyumba ya kukuingizia hela mara nyingi haziko mtaa mmoja.

Mi naanza na sheria maana hapo ndo watu wanaumia sana. New York tangu Septemba 2023 wameanza kubana kwelikweli, ukitaka kupangisha chini ya siku 30 lazima usajiliwe, uwe unaishi humohumo, mgeni akiwepo na wewe uwepo, tena wageni wasizidi wawili. Sasa aliyenunua apatimenti huku yeye anaishi mbali, biashara imeishia hapo. Barcelona nako mwaka 2024 meya katangaza kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya elfu kumi, zitaachwa ziishe na zisiwepo tena ifikapo Novemba 2028. London bila kibali maalumu mwisho siku 90 kwa mwaka, Japani sheria ya 2018 inakupa siku 180. Wewe umepiga hesabu ya siku 365, mji unakupa 90, na benki inadai marejesho ya miezi 12 yote.

Na kitu kimoja naona wengi hawakiangalii, wenyeji wanasemaje? Mahali ambapo vijana wa pale hawapati tena nyumba ya kupanga na wameanza kuandamana, hasira yao ina haki, na ujue sheria iko njiani hata kama leo dalali anakuapia hakuna shida. Alafu hata mji ukiruhusu, wamiliki wa jengo lenyewe wanaweza kukataza, kwahiyo omba kanuni za jengo kwa maandishi.

Kipimo changu ni hiki: chukua marejesho ya mkopo, kodi ya serikali, bima (uliza kama inakubali wageni wa kulipa, nyingi za kawaida hazikubali), usafi, na kamisheni ya mtandao unaokuletea wageni, halafu jiulize hiyo nyumba ukimpa mpangaji wa kawaida wa mwaka mzima itajilipa, au angalau itakaribia? Kama iko mbali kabisa naiacha, kwasababu siku sheria ikibadilika huna pa kukimbilia. Ndo maana napenda zaidi mji wenye hospitali kubwa au chuo, watu wanakuja mvua ikinyesha na jua likiwaka, kuliko ufukwe unaojaa miezi mitatu tu.

Nenda pale mwezi mbaya kuliko yote, sio msimu. Tembea usiku uone taa ngapi zinawaka. Na ukiwa hukohuko tafuta fundi na mtu wa usafi kabla ya kulipa hata shilingi, maana bomba likipasuka saa nane usiku mgeni atakupigia wewe uliye mbali, na lazima awepo mtu wa kufika pale ndani ya nusu saa.