Nobby Stiles alivuna alichopanda?

Tangu Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wapande Ligi Kuu mwaka 2023, vijiwe vya kahawa vya Ujiji havikosi ubishi juu ya kiungo mkabaji: ni fundi au ni mvunja miguu tu? Mzee mmoja wa kijiweni kwetu humaliza ubishi kwa kumtaja Nobby Stiles wa Uingereza. Aliishi kwa rafu, anasema, na uzeeni mwili ukamdai: alivuna alichopanda.

Tusimbeze mzee. Kwenye Kombe la Dunia la 1966, Stiles alimkwatua Jacky Simon wa Ufaransa vibaya mno hata wakubwa wa chama cha soka wakataka aondolewe kikosini. Kocha Alf Ramsey aligoma: Stiles akienda, naye anaenda.

Ila anayeishia kwenye rafu ile hajaiona nusu fainali. Eusébio wa Ureno, mfungaji bora wa mashindano yale, alikabwa na mtu mfupi, mwenye macho mabovu na mapengo ya mbele, akaambulia penalti tu. Bobby Charlton akafunga mawili, na sifa zikaenda kwa Charlton. Mkabaji ndivyo alivyo: hukumbukwa siku anapokosea.

Mwaka 2010 Stiles alipiga mnada medali zake, ile ya Kombe la Dunia ikienda kwa zaidi ya pauni 180,000, ili aiachie familia kitu. Wapo walioona aibu. Sijui aibu ilikuwa ya nani. Alifariki 2020 akiwa na miaka 78, akili imeshampotea kwa ugonjwa wa kusahau. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa na madhara ya kupiga mipira kwa kichwa.

Hapo ndipo "alivuna alichopanda" inaponikwama kooni. Watafiti wa Glasgow walilinganisha wanasoka wa zamani 7,676 wa Uskoti na watu wa kawaida, wakakuta wanasoka wanakufa kwa magonjwa ya ubongo mara tatu na nusu zaidi. Mzee atasema idadi yenyewe ni ndogo, na kweli: wachezaji 17 katika kila 1,000, dhidi ya 5 kwa wengine. Tena wanasoka hao hao walikufa kidogo kwa maradhi ya moyo. Mpira una faida zake, nakubali.

Lakini utafiti wa pili ulitazama nafasi uwanjani. Mabeki hatari ilipanda hadi mara tano hivi. Magolikipa haikupanda kwa kiwango cha uhakika. Golikipa naye hugongana na watu, huanguka, huumia. Asichofanya ni kupiga vichwa kutwa nzima mazoezini. Na kati ya Waingereza kumi na mmoja walioanza fainali ya 1966, watano walipata ugonjwa wa kusahau, akiwemo Bobby Charlton mwenyewe, ambaye hakuna kijiwe kilichowahi kumwita mvunja miguu.

Basi Charlton alipanda nini? Nilimuuliza mzee hivyo. Alikoroga kahawa isiyo na sukari, akaniambia, "Mwanangu, wewe unabisha na tarakimu."